Jumuiya imebaki michango tu: je, Misa ya Jumapili haitoshi?

Swali: Tumsifu Yesu Kristo. Nimechaguliwa kuwa katibu wa jumuiya yetu ndogo ndogo huku Kimara, Dar es Salaam. Daftari nililokabidhiwa lina kaya 34, lakini Jumamosi asubuhi tunaosali ni tisa au kumi, karibu wote akina mama, na nusu ya muda inaishia kwenye michango: ujenzi, zaka, tegemeza jimbo, zawadi ya paroko. Mume wangu anasema Misa ya Jumapili inamtosha. Mwezi uliopita mwenyekiti alikataa kumwandikia jirani yetu barua ya ubatizo wa mtoto kwa sababu anadaiwa michango ya miaka miwili. Je, jumuiya ni ya lazima kweli? Na kama ni ya lazima, naanzia wapi kuifufua?

Jibu: Milele amina, mama katibu. Hongera kwa kuchaguliwa, na pole pia, maana katibu ndiye anayekutana uso kwa uso na kila anayedaiwa.

Nianze na mzee wako, kwa sababu alichosema kina ukweli ndani yake, na asipojibiwa vizuri ataona mnamzungusha. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1247, inamdai mwamini ashiriki Misa siku za Jumapili na sikukuu zilizoamriwa. Hakuna kanuni inayosema kwamba asiyefika jumuiya Jumamosi amevunja amri hiyo. Msimtishe kwa hilo. Wapo viongozi wanaotisha watu hivyo, na mtu akishagundua kwamba alitishwa kwa kitu kisichoandikwa popote, hawaamini tena hata wanaposoma yaliyoandikwa.

Mwelezeni badala yake kazi ambayo Misa ya Jumapili, kwa ukubwa wa parokia za mjini, haiwezi kuifanya. Misa ya kwanza inatoka, ya pili inaingia, magari yanagombea geti. Mtu anaweza kukaa benchi lilelile mwaka mzima, akatakiana amani na wa kulia na wa kushoto, na hakuna kati yao anayejua jina lake, sembuse kujua kwamba amepunguzwa kazini au kwamba kijana wake yuko rumande. Paroko naye ana maelfu ya waamini. Atawajua wanaokuja ofisini. Waraka kwa Waebrania (10:24-25) unawataka Wakristo waangaliane, wahimizane katika upendo na matendo mema, wala wasiache kukusanyika. Huwezi kumwangalia mtu usiyejua anaishi wapi.

Ndiyo maana Wakristo wa kwanza walikuwa na sehemu mbili. Matendo ya Mitume 2:46 inawaonyesha hekaluni kila siku, na hapohapo inawaonyesha wakimega mkate nyumba kwa nyumba. Paulo anasalimia kanisa lililo nyumbani kwa Priska na Akila (Warumi 16:3-5), nyumbani kwa Nimfa (Wakolosai 4:15), nyumbani kwa Filemoni. Maaskofu wa Afrika Mashariki, kupitia AMECEA, umoja wa mabaraza yao, waliirudia njia hiyo katika mkutano wao wa Nairobi mwaka 1973: wakasema maisha na kazi ya Kanisa vijengwe juu ya jumuiya za msingi, mijini na vijijini, na mkutano mkuu wa 1976 ukaifanya hiyo kuwa mada yake. Wenzao wa Kongo walikuwa wametangulia tangu 1961. Baada ya Sinodi ya Afrika ya 1994, Papa Yohane Paulo II katika waraka wa Ecclesia in Africa (1995, namba 89) aliandika jumuiya hizi ziwe mahali pa namna gani: watu wasali, walisikilize Neno la Mungu, wahimizane kubeba wajibu, wayatazame matatizo ya maisha kwa mwanga wa Injili. Kukusanya fedha hakumo katika orodha hiyo.

Kwa hiyo kipimo cha jumuiya yenu si mahudhurio peke yake, na wala si kiasi kilichopelekwa parokiani. Jiulizeni hivi: mtu asipoonekana Jumamosi mbili mfululizo, nani anajua, na huyo anafanya nini kabla ya Jumamosi ya tatu? Jumuiya yenye jibu la swali hili iko hai hata ikiwa na watu saba. Isiyo na jibu imekufa hata ikiwa imejaza uwanja, na mara nyingi ndiyo hiyohiyo inayojua kwa usahihi kabisa nani anadaiwa shilingi ngapi.

Hapo ndipo penye ugonjwa wenu, na msikimbilie kusema michango ndiyo shetani. Kanuni ya 222 inawataka waamini wategemeze mahitaji ya Kanisa, paa halijiezeki. Tena kuna historia moja nzuri kuhusu jambo hili, ya ndugu zetu Wamethodisti. Mwaka 1742 kule Bristol, Uingereza, kundi la John Wesley lilikuwa na deni la jengo lao, New Room. Nahodha mmoja aliyeitwa Foy akashauri kila mtu atoe peni moja kwa wiki. Wakamwambia wengi ni maskini, hawana. Akajibu: nipeni mimi kumi na mmoja walio maskini kuliko wote, nitawapitia kila wiki, na asiye na kitu nitamtolea mimi. Mpango ukaanza hivyo, wa kukusanya peni. Lakini waliozunguka walipoingia majumbani walikuta mambo: mgonjwa, mlevi, ugomvi wa mume na mke, mtu aliyekata tamaa. Wesley akaona kwamba kinachotokea mlangoni ni kikubwa kuliko peni, akayageuza makundi hayo kuwa ya kulea roho, na yakaubeba Umethodisti kwa miaka mingi. Nyinyi mmekwenda njia hiyohiyo kinyumenyume. Mlipewa kundi la kuleana, likageuka la kukusanya.

Sababu moja, kwa maoni yangu, ni kwamba jumuiya zilianza Tanzania wakati watu wameshazoea balozi wa nyumba kumi kumi. Sura ya kiongozi ilikuwa tayari vichwani: anayehesabu kaya, anayeshusha maagizo ya juu, anayepeleka taarifa, anayegonga muhuri. Mwenyekiti wa jumuiya akavaa koti hilo bila mtu kumvalisha. Sababu ya pili ni ya kihesabu, na wewe kama katibu unaweza kuirekebisha mwezi huuhuu.

Parokia nyingi hupanga makadirio ya michango kwa idadi ya kaya. Daftari lako linasema 34. Pita nyumba kwa nyumba utaona: wapangaji waliohamia Mbezi au Kibaha na hawakuaga, mzee aliyefariki na watoto wakauza nyumba, binti aliyeolewa. Tuseme kaya zilizopo kweli ni 21. Mkipangiwa 50,000 kwa kaya, parokiani mnadaiwa 1,700,000 wakati waliopo wangepaswa kudaiwa 1,050,000. Hizo 650,000 za waliohama zinawaangukia walewale kumi wanaokuja kusali. Kila Jumamosi wanadaiwa kwa niaba ya watu wasiokuwepo, wanachoka, wawili wanaacha kuja, na mzigo wa waliobaki unaongezeka. Watu wanasema imani imepoa, kumbe ni daftari halijasafishwa. Lisafishe, mwenyekiti asaini, lipelekwe kwa katibu wa kanda na ofisi ya parokia kwa maandishi kabla makadirio ya mwaka ujao hayajapangwa. Waliohamia parokia nyingine waandikiwe barua ya utambulisho waende nayo huko, wasije wakapotea katikati.

Unapopita, beba daftari jipya. La michango liache nyumbani, hili nalisisitiza. Ukionekana na lile la zamani kwapani, utaambiwa baba hayupo hata kama viatu vyake viko mlangoni. Katika daftari jipya chora safu sita: jina la kaya na waliomo ndani kwa majina, watoto wakiwemo, namba ya simu, mahali (nyuma ya duka fulani, geti la bluu), sakramenti zinazosubiri, yaani nani hajabatizwa, nani hana Komunyo ya kwanza, nani anaishi bila ndoa, siku ya mwisho kuonekana, na nani aliyewatembelea na lini. Safu mbili za mwisho ndizo moyo wa daftari zima. Zisomwe na viongozi wanne peke yao kila baada ya sala, kwa dakika tano, na jina lenye wiki mbili tupu lipangiwe watu wawili wa kwenda.

Wawili, si mmoja wala si kumi. Mmoja huzua maneno, hasa mwanamume akienda kwa mama aliye peke yake. Kumi ni uvamizi. Mwenye nyumba anaanza kuhangaikia viti na soda. Dakika ishirini zinatosha. Kaeni, ulizeni hali, sikilizeni bila kumkatiza, someni mistari michache, salini Baba Yetu, ondokeni. Neno "mbona huonekani?" lisiwe la kwanza. Mkimkuta mgonjwa, muulizeni kama angependa kuletewa Komunyo nyumbani, na siku hiyohiyo mpeni paroko au katekista taarifa. Mpako wa Wagonjwa usisubiri mtu akate kauli. Yakobo (5:14) anasema mgonjwa awaite wazee wa Kanisa wamwombee, na mgonjwa asiyeweza kuita anaitiwa na jumuiya. Jumuiya nyingi zina ujuzi mkubwa wa misiba, turubai na sufuria vinapatikana ndani ya saa mbili, lakini marehemu aliugua miezi mitano bila kutembelewa hata mara moja.

Sasa saa yenyewe ya Jumamosi. Iwe saa moja kamili, na mwongozaji awe na saa mkononi. Wimbo na kuanza, dakika tano. Neno la Mungu, dakika thelathini na tano hadi arobaini. Habari za wagonjwa, wafiwa na waliokosekana, dakika kumi. Matangazo na sadaka, dakika tano za mwisho. Michango ikitangulia, aliyechelewa makusudi ili aikwepe anakosa Neno. Ikija mwishoni, asiye na kitu ameshasali na wenzake.

Kwa Neno, tumieni hatua saba zilizotengenezwa na Taasisi ya Lumko ya Afrika Kusini, kazi ya Fritz Lobinger na Oswald Hirmer, ambazo jumuiya nyingi za ukanda huu zinazijua angalau kwa jina. Somo liwe Injili ya Jumapili inayofuata. Hatua ya kwanza, mmoja anamkaribisha Bwana kwa sala fupi. Ya pili, Injili inasomwa polepole, na wote wameshika Biblia zao. Hapa mnakwama mapema kwa sababu watu wanakuja mikono mitupu, basi kaya mwenyeji itangaze kitabu na sura tangu wiki iliyotangulia. Ya tatu, kila mwenye neno au kifungu kilichomgusa anakitamka kwa sauti, kama sala, mara mbili au tatu, pasipo maelezo. Neno, si aya nzima. "Msiogope." Kimya kidogo. "Msiogope." Mwingine anafuata. Kisha Injili isomwe tena yote.

Hatua ya nne ni kimya, na hapa wengi wanashindwa. Mwongozaji anaona sekunde ishirini kama mwaka, anaanzisha wimbo. Atangaze mapema, "tunakaa kimya dakika tatu", aangalie saa, asikohoe. Mtoto akilia, sawa, alie. Hatua ya tano kila anayependa anawaambia wenzake Mungu amemwambia nini, na sheria ni moja: useme "mimi". Anayesema "sisi Wakristo siku hizi" au "nyie wanawake" ameshaanza kuhubiri, na mahubiri yakianza, wale wasio na ufasaha wananyamaza mwaka mzima. Katekista au mtu aliyesoma seminari aongee wa mwisho, au asiongee.

Ya sita ndiyo inayorukwa karibu kila mahali, na kurukwa kwake ndiko kunakoifanya jumuiya ionekane kikao cha sala kilichokosa kazi. Hapa mnaulizana: tuna shida gani hapa mtaani, na wiki hii tufanye nini? Jibu liwe na jina la mtu, tendo na siku. "Tumwombee mama wa watoto watatu" hilo si jibu la hatua ya sita. "Mama fulani na mama fulani, Jumanne saa kumi na moja jioni, wampelekee unga kilo tano na wamuulize kama mtoto wa pili ameshapata sare" hilo ndilo jibu. Jumamosi inayofuata hatua ya sita ianze kwa kuuliza Jumanne ilikuwaje. Msipouliza, baada ya wiki tatu hakuna atakayekubali kutumwa. Hatua ya saba ni sala za papo kwa papo, sentensi moja au mbili kila mtu, mfunge kwa sala ya pamoja.

Kaya 21 bado ni nyingi kwa namna hii ya kusali. Sebule haiwatoshi, na hatua ya tano ingechukua asubuhi nzima. Jumuiya ya kaya kumi hadi kumi na tano inafanya kazi vizuri. Mkifikia hatua ya kuigawa, zungumzeni kwanza na paroko na kanda, kisha gaweni kwa njia za miguu: nani anaweza kufika kwa nani bila kuvuka barabara kubwa au bonde alfajiri. Msigawe kwa urafiki wala kwa kipato, maana mtapata jumuiya ya wenye nyumba na jumuiya ya wapangaji, na Yakobo alishalikemea hilo katika sura ya 2 aliposema juu ya mwenye pete ya dhahabu kupewa kiti kizuri na maskini kuambiwa asimame. Kila upande ubaki na kiongozi mmoja mzoefu.

Kuzunguka nyumbani kwa watu ni kuzuri kwa sababu kila nyumba inaonekana, lakini angalia kikombe cha chai. Inaanza mama mmoja mwenye uwezo anaandaa chai na maandazi. Wiki inayofuata mwenzake anaongeza mayai ya kuchemsha. Ya tatu kuna supu. Mwezi wa pili, mpangaji wa chumba kimoja anasema zamu yake irukwe, "nitakuwa safarini", na kumbe yupo. Korintho walifika hapohapo: huyu amekula ameshiba, yule ana njaa, na Paulo akawaambia wanawaaibisha wasio na kitu (1 Wakorintho 11:21-22). Wekeni sheria iliyo wazi kwa wote: maji ya kunywa, basi. Asiye na viti, mkeka. Asiye na nafasi ndani, kibarazani au chini ya mwembe wa jirani, na jirani akiwa Mwislamu aombwe kwa adabu, siku yake ya msiba au ya sikukuu nanyi mfike.

Kuhusu fedha zenyewe, mambo machache yanazuia ugomvi mwingi. Sadaka ihesabiwe na watu wawili mbele ya watu na kuandikwa palepale; Paulo mwenyewe hakukubali kubeba peke yake mchango wa Yerusalemu, alituma ndugu wengine pamoja na Tito ili asilaumiwe (2 Wakorintho 8:18-21). Zaka iende kwa bahasha au kwa namba ya malipo ya parokia, mtoaji apate stakabadhi yake, na majina yenye kiasi yasisomwe hadharani. Yasiwekwe pia kwenye kundi la WhatsApp. Kundi hilo ni la kujulishana nyumba ya Jumamosi na habari za misiba. Wala jina la ugonjwa wa mtu lisitajwe humo bila ruhusa yake. Mfuko wa dharura wa jumuiya, hata ukiwa mdogo, uwe na watu wawili wanaoweza kutoa kiasi kilichokubaliwa pasipo kumtaja aliyepewa.

Na VICOBA, yaani vikundi vya kuweka na kukopa, isichanganywe na jumuiya. Najua inavutia: watu ni walewale, wanakutana siku moja, wanaaminiana. Lakini anayeshindwa kurejesha mkopo anaanza kuikimbia Jumamosi, na mnampoteza kwenye sala kwa sababu ya rejesho. Kama mnataka kuwekeza, fanyeni siku nyingine, daftari lingine, viongozi wengine, na wasiojiunga wasionekane nusu wanachama.

Wanaume. Mzee wako na wenzake wana sababu tatu za kawaida, na utazisikia ukiwauliza bila kuwalaumu. Saa: Jumamosi asubuhi wengi wako kazini au ndiyo siku pekee ya kwenda site, jaribuni Jumapili jioni au Alhamisi saa moja usiku kwa miezi mitatu, mpime. Aibu: baba aliyekwama kiuchumi hataki kusomewa deni mbele ya mkewe na majirani; hilo tumeshalitibu hapo juu. Na kukosa kazi: anafika, anaimba, anakaa, anaondoka. Mpeni hatua ya sita. Kutengeneza mlango wa mjane, kwenda na familia polisi, kusimamia usafiri wa msiba, kuandika barua ya kuomba mtaro serikali ya mtaa. Tena aalikwe na mwanamume mwenzake, amfuate nyumbani. Ujumbe unaopitia kwa mke huwa unakufa kwenye meza ya chakula.

Msishangae pia mkiona watu wa WAWATA (chama cha akina mama), UWAKA (cha akina baba) au kwaya wakidhani wameshatimiza. Vyama hivyo vina kazi yake, lakini vinakusanya watu wanaofanana: wanawake na wanawake, waimbaji na waimbaji. Jumuiya inawaweka pamoja bibi wa miaka themanini, dereva wa bodaboda na mhasibu, kwa sababu tu wanaishi njia moja. Hapo ndipo "mchukuliane mizigo" ya Wagalatia 6:2 inapopata mizigo ya kweli.

Yanayosemwa kwenye hatua ya tano yabaki humo. Tangazeni hivyo kila mara akija mgeni. Ndugu wa uamsho wa Kiprotestanti ulioanza Rwanda na Uganda, uliosambaa Afrika Mashariki miaka ya 1930, walijenga ushirika wenye nguvu kwa kuungama makosa mbele ya wenzao. Walikuita kutembea nuruni. Kuna uzuri mkubwa pale mtu anapoomba radhi kwa jirani aliyemkosea akiwa hapohapo. Lakini mtu asishinikizwe kumwaga maisha yake mbele ya kundi. Dhambi zake zina kiti cha maungamo, na ugomvi wa wawili umalizwe kwanza na hao wawili, ndivyo Mathayo 18:15 inavyoagiza. Kikao kizima kinakuja baadaye sana.

Nimeiacha barua ya jirani mwishoni kwa sababu haingoji miezi mitatu. Mwenyekiti amekosea, na mwambieni kwa upole, faraghani, mkiwa na maandishi. Kanuni ya 848 inasema mhudumu wa sakramenti asidai zaidi ya sadaka zilizowekwa na mamlaka husika, na daima aangalie wahitaji wasikose sakramenti kwa ajili ya umaskini. Kama padre amefungwa na hilo, mwenyekiti hawezi kuwa na mkono mrefu kumzidi. Hali ni hiyohiyo kwa mazishi: kanuni ya 1184 inawataja wanaoweza kunyimwa maziko ya Kanisa, kama vile walioasi imani waziwazi pasipo dalili ya kutubu, na mdaiwa wa michango hayumo.

Barua ya ubatizo ina sababu yake halali. Kanuni ya 868 inataka wazazi, au angalau mmoja wao, wakubali, na kuwe na tumaini la kweli kwamba mtoto atalelewa katika imani Katoliki. Paroko hawezi kuliona tumaini hilo akiwa ofisini. Anawauliza nyinyi mnaoishi nao. Basi ijibuni hoja hiyo. Andikeni majina ya wazazi na ya mtoto, tarehe ya kuzaliwa, wanaishi wapi na tangu lini, kama wamefunga ndoa Kanisani au la, nani watakuwa wasimamizi, na kama familia inasali. Ikiwa hawaonekani kabisa, andikeni hivyo kwa ukweli, mkitaja nani kawatembelea na walisema nini. Paroko ataamua, na hata akiona tumaini halipo, ubatizo unaahirishwa na wazazi wanaelezwa sababu. Mwenyekiti na katibu wasaini, na neno mchango lisionekane kwenye barua. Kabla ya kuipeleka, nenda wewe na mama mwingine kwa jirani huyo, jioni moja wiki hii, mumwombe radhi kwa kucheleweshwa, na mkiwa pale mjazie safu zake katika lile daftari jipya.